Somo kwa Vikundi vya Kujisomea: Namna ya Kuueleza Mwendo Tunapoagiza Video kwa Akili Mnemba



1. SHABAHA YA SOMO

Makatibu kadhaa wameuliza kama chama cha msingi kinaweza kujitengenezea video fupi za mafunzo pasipo kuajiri mpiga picha. Jibu ni kwamba yawezekana kwa sehemu, na sehemu hiyo yahitaji kufahamika vizuri kabla fedha ya wanachama haijatumika. Zipo programu za akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, zinazopokea maneno yaliyoandikwa na kurudisha picha zinazotembea. Maneno hayo tutayaita agizo.

Wengi waliojaribu wameona kuwa programu hizo huonyesha mtu, shamba na jua bila taabu kubwa. Taabu huanza pale mtu yule anapotakiwa kufanya kazi. Hapo mkono huenda usikotakiwa, jembe hupita ardhini kana kwamba ardhi ni maji, na gunia la pamba hunyanyuliwa kama mto wa kulalia. Kwa hiyo somo hili lahusu jambo moja tu, nalo ni mwendo. Baada ya kulisoma na kulijadili, mwanachama aweze:

(a) kueleza kwa nini mwendo usiotajwa katika agizo huzuliwa na mashine;
(b) kuandika agizo linalotaja mwendo wa kazi moja kwa ukamilifu;
(c) kutambua kazi ambazo hazifai kabisa kuagizwa kwa mashine.

2. KUFUNDISHA KAZI KWA MANENO SI JAMBO GENI

Nchi yetu ina historia ya kufundisha kazi za mikono kwa maneno matupu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio kwa muda wa majuma 12, na takribani watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Matokeo yake vyoo vingi vilichimbwa vijijini na mazingira yakasafishwa. Redio haikumwonyesha mtu namna ya kushika jembe. Hata hivyo mashimo yalichimbwa, tena yakachimbwa sawasawa.

Sababu ni nini? Msikilizaji wa mwaka 1973 alikuwa na mwili uliokwisha kufanya kazi. Aliposikia neno "chimba", mgongo wake ulijua unainama vipi na mguu wake ulijua usimame wapi. Msemaji alitoa nusu ya maneno, na mwili wa msikilizaji ukaijaza nusu iliyobaki.

Mashine haina mwili. Ukiipa nusu ya maneno, nusu iliyobaki huijaza kwa kubahatisha. Hili ndilo fundisho kuu la somo letu, na sehemu zote zinazofuata zinalieleza.

3. MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Programu za namna hii zimelishwa video nyingi mno pamoja na maelezo yake. Inapopokea agizo, programu huanza na chenga tupu, mfano wa zile za televisheni isiyopata mawimbi. Kisha huzisafisha chenga hizo hatua kwa hatua, mpaka picha zifanane na zile ilizozoea kuziona pamoja na maneno kama yaliyomo katika agizo. Mashine haikupima uzito wa gunia wala haikuuliza kiwiko cha mtu kinakunjikia upande gani. Inachokijua ni kwamba, katika picha ilizoziona, jambo hili huonekana baada ya lile.

Watengenezaji wenyewe wameyakiri mapungufu hayo. Kampuni ya OpenAI ilipoitangaza programu yake ya Sora mwezi Februari 2024, ilieleza kwamba mtu katika video anaweza kuuma biskuti na biskuti ikabaki nzima, na kwamba mashine huweza kuchanganya kushoto na kulia. Mwezi Mei 2025 kampuni ya Google ilitoa Veo 3, iliyotia na sauti ndani ya picha. Lakini vipande vyake vilikuwa vya sekunde 8 tu. Programu hizi hubadilika upesi, na huenda mapungufu haya yakapungua. Hata hivyo mwandishi wa agizo anapata hapa mafundisho matatu:

Kwanza, kipande kimoja kichukue tendo moja. Sekunde 8 hazitoshi kupanda, kupalilia na kuvuna.

Pili, asitegemee mashine kujua kuwa tendo huacha alama. Ikiwa pamba imetolewa, aandike kuwa ganda limebaki tupu.

Tatu, akumbuke kuwa mashine imeona zaidi mashamba ya nchi nyingine. Ukisema "mavuno ya pamba" bila kueleza, usistaajabu kuletewa trekta kubwa ikimeza mistari ya pamba, kazi ambayo huku kwetu Bugarama hufanywa na vidole vya watu.

4. MWENDO NI WA AINA TATU

Makosa mengi hutokea kwa sababu mwandishi huchanganya aina tatu za mwendo.

Aina ya kwanza ni mwendo wa mtendaji, yaani mtu au mnyama afanyaye kazi.

Aina ya pili ni mwendo wa vitu vinavyomzunguka, kama vile vumbi, upepo, majani, maji na moshi. Mara nyingine mwendo huu ndio somo lenyewe. Mkulima anayenyunyizia dawa ya wadudu hapana budi asimame mahali ambapo upepo unaichukua dawa mbali naye, wala asipite katika mimea aliyokwisha kuinyunyizia. Agizo lisilotaja upepo unavuma kutoka wapi linaweza kuleta picha nzuri ya mtu anayejipulizia sumu usoni.

Aina ya tatu ni mwendo wa kamera. Kamera inaweza kusimama mahali pamoja, kugeuka polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, kumfuata mtu anayetembea, kusogea karibu, au kuinuka juu ya shamba. Wapya katika kazi hii hupenda kuyaagiza yote kwa pamoja, na mtazamaji hapati nafasi ya kuona kinachofanywa. Kwa video ya mafunzo, kanuni njema ni hii: mikono inapofanya kazi, kamera isimame, kamera inapotembea, mikono ipumzike.

5. MAMBO SITA YA KUTAJA

Kabla ya kuandika agizo, mwandishi ajiulize maswali sita na kuyajibu kwa sentensi fupi.

(i) Ni nani anayetenda? Umri, mavazi, na vitu alivyoshika.

(ii) Ni kiungo gani kinachotembea? Si "anafanya kazi", bali "mkono", "goti", "kiuno", "vidole vitatu".

(iii) Mwendo unaanzia wapi? Mikono iko chini au juu? Gunia liko ardhini au begani?

(iv) Unapita njia gani? Unapanda, unashuka, unazunguka, unakwenda mbele?

(v) Unaishia wapi, na unaacha alama gani? Mashine isipoambiwa mwisho, aghalabu hulirudia tendo au hulikatiza katikati.

(vi) Una kasi gani na uzito gani?

Swali la sita husahauliwa kuliko yote, kwa hiyo tulitazame kwa mfano wa nyumbani. Mkulima wa Kisukuma hulinua jembe shambani. Mchezaji wa bugobogobo naye hulinua jembe uwanjani kwa kufuata ngoma. Ukiandika "mtu anainua jembe", umewataja wote wawili na hukumtaja hata mmoja. Shambani jembe hupanda kwa kujivuta na kushuka kwa uzito wake wote, na mtu huinama pamoja nalo. Uwanjani jembe hilo hilo huwa jepesi. Hurushwa na kuzungushwa, hudakwa, na hugusa ardhi pale tu ngoma inapotaka. Kiungo ni kile kile, na njia inakaribiana. Kinachotofautisha ni uzito na wakati.

Watu wa mbali nao waliligundua jambo hili. Rudolf Laban, mwalimu wa michezo ya ngoma aliyezaliwa mwaka 1879 katika dola ya Austria na Hungaria, alitoa mwaka 1928 namna ya kuandika ngoma kwa alama, kama vile muziki unavyoandikwa. Baadaye alihamia Uingereza, akachunguza miendo ya wafanyakazi viwandani, na mwaka 1947 yeye na F. C. Lawrence walitoa kitabu juu ya juhudi ya mwili katika kazi. Laban alitazama mambo manne katika kila mwendo: uzito wake, wakati wake, uelekeo wake, na kama unatiririka bila kizuizi au umezuiliwa. Mwandishi wa agizo akiyakumbuka manne hayo hatasema tena "anatembea" peke yake. Atasema "anatembea polepole, hatua nzito, mwili umeegemea mbele, anasimama kila hatua ya tatu".

6. JICHO HUDANGANYIKA

Mtu anaweza kusema: "Mimi nimechuma pamba tangu utoto, kuueleza mwendo wake ni jambo dogo." Asiharakishe. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimchora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu yote, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, huku akielea hewani. Waliwaona farasi kila siku. Mwezi Juni 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera katika mstari huko Palo Alto, California, na farasi akapita mbele yake akikimbia. Picha zilionyesha kwamba ni kweli miguu yote minne huachana na ardhi, lakini hilo hutokea wakati miguu imekusanyika chini ya tumbo, si wakati imenyooshwa.

Fundisho ni kwamba mazoea ya kuona hayatoshi. Kabla ya kuandika agizo, mwombe mwenzako aifanye kazi hiyo mbele yako polepole, nawe utazame kiungo kimoja kwa wakati mmoja. Ikibidi irudiwe mara tano. Katibu atakayeandika akiwa ofisini pasipo kutazama, ataandika anachokumbuka, na kumbukumbu hupenda kuruka hatua.

7. MFANO: KUCHUMA PAMBA

Tuchukue agizo ambalo wengi wangeliandika mara ya kwanza:

"Mkulima anachuma pamba shambani. Picha iwe nzuri na ya kuvutia."

Maneno "nzuri" na "ya kuvutia" hayana mwendo ndani yake. Neno "anachuma" lina mwendo, lakini mashine haijui ni upi. Huenda ikaonyesha mtu anayeng'oa kitumba kizima pamoja na ganda, na mwanachama kijana akaiga. Matokeo yake ni pamba yenye makapi inayoshushwa daraja ghalani. Sasa tulinganishe na agizo hili:

"Mwanamke mtu mzima amesimama kati ya mistari miwili ya pamba. Mfuko wa kitambaa cha pamba umefungwa kiunoni mwake, upande mmoja. Mkono ulio karibu na mfuko unashika tawi chini ya kitumba kilichopasuka na kulituliza. Vidole vitatu vya mkono wa pili vinaingia ndani ya kitumba na kuivuta pamba nje kwa mvuto mmoja, polepole. Ganda linabaki tawini likiwa tupu. Mkono wenye pamba unasimama mbele ya kifua. Kamera imesimama mahali pamoja, usawa wa kiuno, hatua moja kutoka kwake. Hakuna upepo, mmea umetulia."

Yafaa kikundi kiyatambue mambo haya katika agizo la pili:

Haikuandikwa "mkono wa kushoto" wala "mkono wa kulia". Kwa kuwa mashine huweza kuchanganya pande, tumeutaja mkono kwa kitu kilicho jirani nao, yaani mfuko.

Mfuko umetajwa kuwa wa kitambaa cha pamba. Usipotajwa, mashine yaweza kuleta mfuko wa salfeti, na nyuzi za salfeti zikiingia katika pamba huiharibu kiwandani. Video ya mafunzo ingekuwa imefundisha kosa.

Kila tendo lina mwisho wake: tawi limetulizwa, ganda ni tupu, mkono umesimama.

Tendo ni moja. Kukagua pamba, kuondoa jani kavu, na kutenga pamba safi ya daraja A na pamba fifi ya daraja B katika mifuko miwili, kila kimoja ni kipande chake. Vipande hivyo huunganishwa baadaye kwa programu ya simu.

Mwisho, agizo limesema kilichopo, halikusema kisichotakiwa. Aghalabu ukiandika "asitembee", mashine hulidaka neno "tembea" na kumtembeza. Andika "amesimama".

Vipimo navyo mashine haivishiki. Bodi ya Pamba imehimiza nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo. Usitarajie kuwa agizo lenye tarakimu hizo litaleta nafasi hizo. Vipimo vifundishwe shambani kwa kamba yenye mafundo, au viandikwe juu ya picha baada ya kutengenezwa.

8. MANENO YETU YANABEBA PICHA NZIMA

Programu nyingi zimelishwa zaidi kwa Kiingereza. Baadhi hupokea Kiswahili, lakini makatibu wengi hulazimika kulifasiri agizo. Hapa pana hatari ambayo haionekani kwa urahisi.

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya mwendo. Tunapinda na kupindua, tunainua mzigo nasi wenyewe tunainuka. Mtu hujitwika ndoo mwenyewe, au hutwikwa na mwenzake. Kisha hutua, au hutuliwa. Mama hueleka mtoto mgongoni na kumpakata mapajani. Katika neno moja "anajitwika" mna mikono miwili inayoshika, magoti yanayokunjika, mzigo unaopita mbele ya uso, shingo inayokaza, na mzigo unaotulia kichwani. Anayefasiri kwa haraka huandika kwamba mtu huyo "anabeba", na mwendo wote umekwisha kupotea. Mashine hapo yaweza kumpa mzigo begani au kifuani.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Andika kwanza kwa Kiswahili safi, kwa neno lile hasa linalotumika shambani. Kisha lifungue neno hilo, kama mtu afunguavyo furushi, utaje kila mwendo uliomo ndani. Ndipo ufasiri. Mfano: "Anajitwika" itakuwa "Anachuchumaa, anashika pembe mbili za gunia, ananyanyuka huku akilivuta gunia mpaka kifuani, analipandisha mbele ya uso, analilaza juu ya kata iliyo kichwani, anasimama wima." Huenda hayo yakawa vipande viwili. Si kitu, afadhali vipande viwili vya kweli kuliko kimoja cha uongo.

9. MIZANI ISIAGIZWE KWA MASHINE

Sasa tunafikia jambo linalogusa uhai wa vyama vyetu. Wakati wa kuandaa somo hili tulijaribu kuagiza video ya kumwonyesha mwanachama haki zake siku ya kuuza pamba. Agizo la kwanza lilisema tu: "Karani wa chama anapima pamba ya mkulima." Mashine ikaleta ghala safi, karani nadhifu, na mkulima anayetabasamu. Mzee mmoja wa kamati alitazama mara mbili, kisha akauliza: "Katibu, mkono ule unatafuta nini juu ya gunia?"

Tulipotazama tena, tuliona karani ameegemeza kiganja juu ya gunia lililo katika mizani. Sisi hatukuagiza hivyo. Mashine iliona mahali mkono usipokuwa na kazi, ikaupa kazi. Tukaandika upya, tukataja kwamba mikono ya karani imeshika kalamu na daftari na kwamba hakuna anayeligusa gunia. Mkono ukaondoka. Lakini safari hii mshale wa mizani ulianza kupanda kabla gunia halijafika. Tukaandika tena mara mbili, na kila mara fedha ya chama ilikwenda. Tukaacha.

Asiyeijua historia aweza kusema kuwa hilo ni jambo dogo. Ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa ulizaliwa penye mizani. Wakulima walipunjwa na wanunuzi, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe ili kuhakikisha uzito. Kutokana na juhudi hizo vyama vya msingi vilienea, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika la Victoria, VFCU, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mkulima aliyehadithiwa na babu yake habari za mizani, akiona katika video ya chama chake mwenyewe mkono juu ya gunia, hataamini maelezo kwamba ulizuliwa na kompyuta. Tena hana sababu ya kuamini.

Kwa hiyo kikundi kiweke msimamo: kazi yoyote ambayo picha yake ni ushahidi au ahadi isiagizwe kwa mashine. Kupima uzito, kuhesabu fedha, kusaini hati, kupiga kura katika mkutano mkuu. Hayo yote yapigwe picha kwa simu, mahali penyewe, siku yenyewe, na watu wenyewe wakiwa wameridhia.

Kwa wanachama walio wachimbaji wadogo wa dhahabu, msimamo huo ufike pia katika kazi za hatari. Kushuka katika duara, kufunga kamba, na kupita chini ya magogo yanayozuia udongo usiporomoke ni miendo ambayo kosa lake halina marudio. Mashine yaweza kumshusha mtu katika duara kwa kamba isiyofungwa popote, na picha ikapendeza. Kijana hutazama mikono ya video kuliko anavyosikiliza maneno yake. Kazi hizo zifundishwe na mtu anayezijua, akisimama mbele ya anayejifunza.

10. UKAGUZI KABLA YA KUONYESHA

Video iliyoagizwa kwa mashine isionyeshwe kwa wanachama kabla ya hatua nne kutimizwa.

Kwanza, itazamwe na angalau watu watatu wanaoifanya kazi hiyo kwa mikono yao. Mmoja atazame mikono tu, wa pili miguu na mgongo, wa tatu vifaa na vitu vinavyozunguka.

Pili, itazamwe polepole, kisha bila sauti. Sauti tamu huficha mwendo mbaya.

Tatu, iandikwe wazi mwanzoni kwamba picha zimetengenezwa kwa akili mnemba na hazionyeshi mwanachama yeyote. Uso wa mwanachama usitiwe katika programu pasipo ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inavihusu vyama pia.

Nne, gharama ya kila agizo iingizwe katika vitabu, pamoja na maagizo yaliyoshindikana. Hapo kamati itaona kama kumlipa kijana mwenye simu nzuri kwa siku moja kungekuwa nafuu zaidi. Mara nyingi itakuwa hivyo.

11. MASWALI YA KUJADILI

(1) Kwa nini maneno ya redio ya mwaka 1973 yalitosha kwa msikilizaji, na maneno kama hayo hayatoshi kwa mashine?

(2) Taja kazi tatu za chama chenu ambazo picha yake ni ushahidi au ahadi. Je, mkutano mkuu uziwekee azimio?

(3) Neno "kupalilia" lina miendo mingapi ndani yake? Lifungueni neno hilo pamoja, mkianzia na miguu.

(4) Mwanachama akiona kosa katika video ya chama, amwendee nani, na arekebishiwe kwa njia gani?

12. KAZI YA VITENDO

Kikundi kigawanyike sehemu mbili. Sehemu ya kwanza iandike agizo la kazi moja inayofanyika kijijini, kwa mfano kufunga gunia la pamba kwa kamba au kuteka maji. Agizo lisizidi sentensi nane, na neno "nzuri" lisitumike. Sehemu ya pili, ambayo haikusikia mazungumzo, ipokee karatasi hiyo, na mmoja wao afanye mbele ya wote kile kilichoandikwa tu, bila kuongeza jambo hata moja analolijua kwa mazoea. Kilichoandikwa "shika kamba" bila kusema kwa mkono upi, ashike kwa vyovyote. Kilichokosa mwisho, asiache mpaka aambiwe.

Wanachama watacheka, na kucheko hicho ni sehemu ya somo. Kila mahali atakapokosea mtendaji, mwandishi aweke alama katika karatasi na kuongeza neno linalopungua. Karatasi ikishapita mikononi mwa mtu bila kosa, ndipo ipelekwe kwa mashine, na fedha ya wanachama itolewe.